UZI: Data za mitambo ya upepo na ontolojia. Namba zikae wapi, maana ikae wapi?

KaskaziNaKusi #1

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye uzi wa nishati jadidifu kuna mjadala ulikatika njiani, nikaahidi kuuleta hapa ukae peke yake. Swali lilikuwa hivi: shamba la upepo likishaanza kumwaga data usiku na mchana, haya mambo ya ontolojia (maelezo rasmi ya vitu na mahusiano yake, ambayo kompyuta inaweza kuyasoma) yanasaidia kweli au ni ya watafiti kuandikia makala tu?

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizunguke. Yanasaidia sana, ila wengi wanayaweka mahali pasipo pake. Wanataka kila namba inayotoka kwenye kihisi igeuzwe iingie kwenye grafu, yaani ule mtandao wa kauli ambamo ontolojia inaandikwa, na miradi mingi inafia hapo. Namba ziacheni kwenye hifadhidata yake. Kinachotakiwa kwenda kwenye ontolojia ni maana ya hizo namba.

Kwanza tuone ukubwa wenyewe. Mfumo wa SCADA wa mtambo wa upepo (ule wa kompyuta unaousimamia na kukusanya vipimo vyake) kwa desturi unatunza wastani wa kila dakika 10, pamoja na kiwango cha juu, cha chini na mtawanyiko. Kwa kila ishara hizo ni rekodi 144 kwa siku. Chukua shamba la Ziwa Turkana kule Marsabit: mitambo 365 ya Vestas V52, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Tukikadiria ishara 100 tu kwa mtambo, wastani peke yake unatupa thamani milioni 5 na robo kila siku. Ukishuka kwenye vipimo vya kila sekunde, unafika bilioni 3 na ushee kwa siku. Hapo sijagusa vihisi vya mtetemo kwenye giaboksi, ambavyo vinapima maelfu ya mara ndani ya sekunde moja.

Wingi huo hautishi. Hifadhidata za mfululizo wa muda zipo na zinaubeba. Shida inaanza pale mtu anapotaka kuzitumia.

Nitoe mfano ambao yeyote humu anaweza kuuhakiki. Engie ya Ufaransa iliweka hadharani data za shamba lake la La Haute Borne, mitambo minne ya Senvion MM82. EDP ya Ureno nayo iliweka data za mitambo mitano ya megawati 2, za mwaka 2016 na 2017. Fungua mafaili ya pande zote mbili, kisha tafuta kitu kimoja tu: joto la beringi ya jenereta.

Upande wa EDP kuna safuwima inaitwa Gen_Bear_Temp_Avg. Haina utata. Upande wa La Haute Borne utakutana na Gb1t_avg na Db1t_avg. Mwenye haraka atabeba Gb1t, kwa sababu inafanana na Gen_Bear aliyotoka kuiona. Kumbe Gb1t ni beringi ya giaboksi, ya jenereta ni Db1t. Zote mbili ni nyuzi za selsiasi, zote zinapanda mzigo ukipanda, na ukizichora zinakwenda pamoja karibu muda wote. Programu haitagoma. Modeli yako ya kutabiri ubovu itafunzwa kwa beringi isiyo yenyewe na hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini.

Ubaki hapo hapo EDP, ufungue daftari lao la hitilafu. Vipande vilivyoharibika vimeandikwa HYDRAULIC_GROUP, TRANSFORMER, GENERATOR_BEARING. Rudi kwenye ishara: Hyd_Oil_Temp_Avg, HVTrafo_Phase1_Temp_Avg. Mhandisi anaunganisha kichwani bila hata kufikiri. Kompyuta inaona maandishi mawili yasiyojuana.

Ontolojia ninayoizungumzia ni maelezo rasmi ya vitu vilivyopo na mahusiano yake, yaliyoandikwa ili kompyuta iyasome na iweze kuhitimisha kutokana nayo. Mtambo una giaboksi. Giaboksi ina beringi. Kihisi hiki kimefungwa kwenye beringi ile. Kinapima joto, kizio ni selsiasi, thamani ni wastani wa dakika 10, na muda ulioandikwa ni wa mwanzo wa hizo dakika 10, siyo wa mwisho wake. Hayo yote mtu anayajua. Swali ni yameandikwa wapi.

Karibuni wakuu.

---

Mpendahesabu #2

Mkuu nimekusoma vizuri. Ila mimi naona umeleta mzinga kuua inzi. Hilo tatizo la Gb1t na Db1t linamalizwa na karatasi moja ya Excel: safuwima ya kwanza jina la kiwandani, ya pili jina letu, ya tatu kizio, ya nne maelezo. Tumefanya hivyo kwenye mradi wa maji na kazi ilienda. Kwa nini nijifunze OWL (lugha ya kuandikia ontolojia) na SPARQL (lugha ya kuiuliza maswali) wakati jedwali la mistari mia mbili linatosha?

---

KaskaziNaKusi #3

Mpendahesabu, nakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa. Kwa shamba moja lenye mitambo ya aina moja, jedwali linatosha, tena ni afadhali jedwali linalotunzwa kuliko ontolojia iliyotelekezwa. Yale mashine matatu ya Mwenga pale Mufindi, megawati 2.4 kwa jumla, sioni sababu ya kuyabebesha zaidi ya hapo.

Jedwali linashindwa pale ukweli unapobadilika kwa muda, na vile vile pale maswali yanapopita jina la safuwima. Subiri nimalize kula nirudi, hiyo sehemu inahitaji nafasi.

---

FundiJuuKimo #4

Kabla hujarudi niongeze la kazini, sitataja ni wapi.

Kuna mtambo ulikuwa unaonekana "umeboreka". Ofisini wakafurahi, wakasema ule usafishaji wa mapanga umelipa. Ukichora nguvu dhidi ya kasi ya upepo, mchoro umesogea kushoto, yaani mtambo unatoa umeme mwingi zaidi kwa upepo ule ule. Sisi wapandaji tulikuwa tunajua kwamba ile anemomita (kipima kasi ya upepo) ya juu ya naseli, lile kasha la juu ya mnara, ilibadilishwa, ikafungwa ya aina nyingine, na mpya ilikuwa inasoma chini kidogo. Kwenye data hakuna alama yoyote. Safuwima ni ile ile, jina lile lile, kihisi kingine.

Jambo la pili ni saa. Mashine inaandika 14:20. Daftari la zamu fundi ameandika "saa 8 na dakika 20 tumezima kwa ajili ya kubadili oili". Sisi sote tunajua hiyo ni saa nane mchana. Sasa aliyepewa kazi ya kuoanisha daftari na SCADA alikuwa mkandarasi wa nje, akaiingiza kama 08:20. Saa sita nzima za tofauti. Mtambo ukaonekana umezimwa asubuhi wakati asubuhi hiyo ulikuwa unazalisha, na mchana ukaonekana umekufa bila sababu.

---

KaskaziNaKusi #5

FundiJuuKimo umenirahisishia kazi, asante sana. Mfano wako wa anemomita ndio kiini cha uzi huu.

Angalia kilichotokea. Jina la safuwima lilikuwa linawakilisha vitu viwili kwa wakati mmoja: nafasi juu ya naseli, na kifaa kilichokaa kwenye hiyo nafasi. Kwa miaka kadhaa vilikuwa kitu kimoja, hakuna aliyeona tofauti. Siku kifaa kilipobadilishwa, nafasi ikaendelea na kifaa kikaondoka, lakini data hazikuwa na njia ya kusema hivyo.

Na hasara yake si ndogo. Nguvu iliyomo kwenye upepo inakwenda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kihisi kikikosea kwa asilimia 3 tu, makadirio ya nguvu yanakosea kwa takriban asilimia 9. Hiyo inatosha kabisa kuzua sherehe ya mapanga kusafishwa.

Ontolojia nzuri ya shamba la upepo inatenganisha nafasi na kifaa tangu siku ya kwanza. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, walitoa mwaka 2017 msamiati wa vihisi na vipimo uitwao SSN, na kiini chake chepesi kinaitwa SOSA. Ndani yake kuna kihisi, kuna kinachopimwa, kuna sifa inayopimwa, kuna kipimo chenyewe, na kuna tukio la ufungaji. Mfano wa kubuni:

```
:ufungaji_21  a ssn:Deployment ;
    ssn:deployedSystem     :anemomita_B ;
    ssn:deployedOnPlatform :naseli_T14 ;
    :kuanzia               "2022-05-10T11:00:00+03:00"^^xsd:dateTime .

:anemomita_B  a sosa:Sensor ;
    sosa:observes   :kasi_ya_upepo ;
    :cheti_cha_urekebishaji  :cheti_118 .
```

Kwa Kiswahili: anemomita B ilifungwa kwenye naseli ya mtambo T14 tarehe hiyo saa tano asubuhi, inapima kasi ya upepo, na cheti chake cha urekebishaji wa vipimo (kalibresheni) ni hiki. Anemomita A ina ufungaji wake wenye mwanzo na mwisho. Sasa mchambuzi akiuliza "nipe kasi ya upepo ya T14 kwa miaka mitano", mfumo unamjibu na kumwambia kwamba katikati hapa kifaa kilibadilika, kwa hiyo mchoro wa kabla na wa baada usilinganishwe bila masahihisho.

Kwa giaboksi ndiyo usiseme. Giaboksi inashushwa, inakarabatiwa, inapandishwa kwenye mtambo mwingine. Historia ya mtetemo ni ya giaboksi, haipaswi kubaki kwenye mtambo ilikotoka. Wajerumani wana mfumo wa kutaja nafasi, RDS-PP, ambamo MDK ni mnyororo wa kuzungusha wenye giaboksi na MKA ni jenereta. Mfumo huo unataja nafasi vizuri sana. Namba ya kiwandani ya kifaa inataja kifaa. Unahitaji vyote viwili, na uhusiano baina yake ulio na tarehe. Mpendahesabu, hapa ndipo Excel yako inaanza kuota safuwima za "tarehe ya kuanzia" na "tarehe ya kuishia", halafu inazaa karatasi ya pili, ya tatu, na fomula za kuzifunga pamoja ambazo aliyeziandika akihama hakuna wa kuzigusa.

Kuhusu saa: kila alama ya muda iandikwe na tofauti yake na saa ya dunia. La Haute Borne wameandika hivyo, +01:00 wakati wa baridi na +02:00 wakati wa joto, kwa sababu Ufaransa inasogeza saa. Mwishoni mwa Oktoba saa moja inajirudia, mwishoni mwa Machi saa moja haipo. Kwetu +03:00 haisogei, hivyo watu wanasahau kuiandika kabisa, na data zikienda kwa mshauri wa Ulaya zinasomwa kwa saa yake. Daftari la zamu liendelee kuandikwa kwa saa yetu, hakuna ubaya, ila kwenye maelezo ya chanzo kuwe na kauli moja inayosema saa za chanzo hiki ni za Kiswahili. Programu itageuza yenyewe.

---

Mpendahesabu #6

Hapo kwenye giaboksi kuhama mtambo umenishika mkuu. Sikuwa nimelifikiria. Endelea.

---

BintiTakwimu #7

Habari za jioni wote. Nafanya uchambuzi wa data, upepo nimeingia juzi juzi. Nina maswali mawili.

Kwanza, umesema tusigeuze kila namba kuwa grafu, lakini SOSA yenyewe ina kitu kinaitwa kipimo, na mifano yote niliyosoma inaandika kila kipimo kwa RDF, ule muundo wa kuandikia kauli za grafu. Sasa ukweli ni upi?

Pili, kama kila mtu anatengeneza ontolojia yake na majina yake, si tutakuwa tumehamisha fujo kutoka kwenye safuwima kwenda kwenye ontolojia?

---

KaskaziNaKusi #8

Dada BintiTakwimu, maswali mazuri sana. Naanza na la pili.

Msamiati upo, hatuanzi na karatasi tupu. Kiwango cha IEC 61400-25 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme), kilichoanza kutoka mwaka 2006, kinaeleza data za mitambo ya upepo zipangwe vipi ili mifumo ielewane, na kimerithi mpangilio wa IEC 61850 wa vituo vya umeme. Mtambo umegawanywa katika mafungu: WTUR ni mtambo kwa ujumla, WROT ni rota, WTRM ni mnyororo wa kuzungusha, WGEN jenereta, WCNV kigeuza umeme, WYAW mfumo wa kugeukia upepo, WMET hali ya hewa. Programu huria ya OpenOA, ya kuchambua data za mashamba ya upepo, iliyotoka NREL, maabara ya nishati jadidifu ya Marekani, inatumia majina hayo hayo: WTUR_W ni nguvu, WMET_HorWdSpd ni kasi ya upepo, WROT_BlPthAngVal ni pembe ya mapanga. Ukiwapelekea data za La Haute Borne, jambo la kwanza ni kusema P_avg ndiyo WTUR_W na Ba_avg ndiyo WROT_BlPthAngVal. Kwa hiyo chukua IEC kwa vipande vya mtambo, SOSA kwa vihisi na vipimo, QUDT kwa vizio. Chako mwenyewe kiwe kidogo, kile tu ambacho hakipo kwingine.

Sasa swali la kwanza. Tupige hesabu. Kipimo kimoja kwa SOSA kinahitaji kauli kama sita: ni cha aina gani, kihisi gani, sifa gani, kitu gani kinapimwa, muda gani, thamani ngapi. Zile thamani milioni 5 na robo za Turkana zinakuwa kauli milioni 31 na nusu kwa siku, zaidi ya bilioni 11 kwa mwaka, na hiyo ni wastani wa dakika 10 peke yake. Na kauli nne kati ya hizo sita zinarudia yale yale kila baada ya dakika 10. Kihisi hakijahama. Kizio hakijabadilika.

Njia inayofanya kazi ni kuacha namba kwenye hifadhidata ya mfululizo wa muda, na kwenye grafu uandike mara moja tu kwamba ishara yenye kitambulisho fulani inatoka kwenye ufungaji fulani. Ujumbe unaopita kwenye MQTT au Kafka (mifumo ya kusafirisha data zinapotoka) unabeba vitu vitatu: kitambulisho, muda, thamani. Anayetaka maana anaifuata kwenye grafu kwa kile kitambulisho. Grafu nzima ya shamba kubwa inakuwa kauli laki kadhaa au milioni chache, na kompyuta ya kawaida ya mezani inaimudu.

Kama bado unataka kuuliza kwa SPARQL mpaka ufike kwenye namba zenyewe, kuna njia ya grafu ya kidhahania. Unaandika ramani ya namna jedwali linavyolingana na ontolojia, W3C walitoa lugha ya ramani hizo, R2RML, mwaka 2012, halafu programu kama Ontop ya Chuo Kikuu cha Bozen-Bolzano inalitafsiri swali lako kuwa SQL, lugha ya hifadhidata za majedwali. Hakuna namba iliyohamishwa. Mradi wa Optique wa Umoja wa Ulaya, 2012 hadi 2016, ulijaribu njia hii kwa data za Siemens na Statoil, kampuni ya mafuta ya Norwei. Kule Siemens walihusika na tabo za gesi na mvuke siyo za upepo, lakini tatizo lilikuwa hili hili: mhandisi anajua anachotaka kuuliza, ila ili aulize inabidi amsubiri mtu wa hifadhidata amwandikie swali.

Ndiyo maana narudia kwamba grafu ibebe maana. Ukiibebesha namba utailaumu bure kwa uzito ambao haikuumbiwa.

---

Mzizima #9

Mkuu hapo nina ubishi kidogo. Unazungumza kama data zote ni za kuhifadhi. Ulianza na data zinazomwagika usiku na mchana, yaani mitiririko. Kuna lugha zilizotengenezwa kuuliza mtiririko ukiwa unapita: C-SPARQL kutoka Milano, CQELS kutoka Galway. Unaweka dirisha la dakika 10, linasogea kila dakika 1, na ontolojia inatumika hapo hapo kuhitimisha. Kwa nini unairudisha ontolojia stoo?

---

KaskaziNaKusi #10

Mzizima, sipingi hizo lugha. Ninachoangalia ni mtiririko upi unaupeleka huko.

Mtetemo wa beringi usiupeleke. Pale kazi ni ya hesabu za mawimbi, na inafanyika karibu na mtambo. Kinachotoka ni tukio dogo: "mtetemo wa beringi ya kasi kubwa umevuka kiwango". Hilo tukio ndilo linastahili kuingia kwenye dirisha lako na kukutana na ontolojia.

Mfano unaofaa ni misimbo ya hitilafu. Laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani, liliko shamba la Turkana, hadi Suswa ikikatika, mitambo yote inapoteza gridi kwa pamoja. Kila mtambo unatoa mfululizo wake: volteji imekosekana, kigeuza umeme kimesimama, mapanga yamegeuzwa, breki, pampu ya kupoza. Mwenye zamu anapokea maelfu ya mistari ndani ya dakika moja, na ule mmoja ambao si wa gridi, labda mtambo mmoja wenye shida halisi ya haidroliki, unazama humo. Ontolojia inayojua kwamba kigeuza umeme kinategemea gridi, na kwamba mitambo fulani imeunganishwa kwenye laini moja ya kukusanya umeme, inaweza kuyakusanya yote chini ya sababu moja na kukuachia usiohusika. Mtiririko huo ni mwepesi kwa idadi na mzito kwa maana. Hapo C-SPARQL na wenzake wanakaa vizuri.

---

Mzizima #11

Sawa, hapo tumeelewana. Kwa hiyo kigezo chako ni kwamba mtiririko ukiwa na maana nyingi na idadi ndogo upelekwe, kinyume chake uchakatwe kwanza.

---

FundiJuuKimo #12

Mmegusa misimbo, mimi nataka kuuliza kuhusu kusimama. Kila kiwanda kina misimbo yake, mia kadhaa. Mwisho wa mwezi wanataka ripoti ya upatikanaji wa mitambo, na hapo ndipo watu wanagombana. Mtambo umesimama, nani kausimamisha? Kule Kipeto, Kajiado, mitambo 60 ya GE, kuna waangalizi wa ndege uwandani kwa ajili ya tumbusi, tumbusi akikaribia mtambo unasimamishwa. Mtambo ni mzima, upepo upo, gridi ipo. Unauandika wapi? Nimeona mahali pengine kusimama kwa aina hiyo kumeandikwa "matengenezo", na fundi anaonekana ndiye aliyechelewesha.

---

KaskaziNaKusi #13

Hili linaniuma, maana linagusa jina la mtu na mkoba wa mtu.

Kuna kiwango kingine, IEC 61400-26, kinachogawa muda wote wa mtambo katika mafungu: unazalisha kikamilifu, unazalisha kwa sehemu, umesubiri kiufundi, uko nje ya vigezo vya mazingira, umesimamishwa kwa ombi, uko nje ya vigezo vya umeme, matengenezo yaliyopangwa, matengenezo ya kurekebisha, hitilafu ya ghafla, kazi imeahirishwa, na nguvu zisizozuilika. Tumbusi ningemweka kwenye kusimamishwa kwa ombi, na chini yake niongeze fungu letu dogo, "ombi la uhifadhi", lenye kiungo kwa mwangalizi aliyetoa ombi na muda wake. Kila msimbo wa kiwanda unaunganishwa na fungu mojawapo, pamoja na masharti: msimbo uleule unaweza kuangukia mafungu mawili kulingana na kilichotangulia.

Na hicho kilichotangulia ndicho kizito. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ikawa gizani. Kampuni ya umeme ilitaja kupotea kwa uzalishaji wa Ziwa Turkana. Wenye shamba la Turkana wakasema mitambo yao ilijizima yenyewe kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mimi sihukumu hapa, kila upande una wataalamu wake. Ninachotaka tuone ni kwamba kwa lugha ya kile kiwango, ubishi mzima ni fungu lipi: hitilafu ya ghafla, au nje ya vigezo vya umeme? Jibu linategemea mfuatano wa matukio katika sekunde chache, kwenye vinasa vya pande mbili au tatu vyenye saa tofauti na majina tofauti. Kama pande zote zingekuwa zinaandika matukio kwa msamiati mmoja, na saa zao zimeoanishwa na chanzo kinachojulikana na kilichoandikwa, ubishi wa namna hiyo ungechukua muda mfupi zaidi.

Hivyo hivyo kwa umeme unaozuiliwa usiku mahitaji yakishuka. Mapanga yanageuzwa ili mtambo uzalishe chini ya uwezo. Ukiangalia nguvu na upepo peke yake, mtambo unaonekana mbovu. Ukiwa na ishara ya kikomo kilichowekwa na msimamizi wa gridi, na grafu inasema kikomo hicho kinahusu mitambo ipi, unaona ni mzima ila umezuiwa. Mkataba ukisema umeme uliozuiwa unalipwa, tofauti hiyo ni pesa.

---

BintiTakwimu #14

Asante kaka, nimejifunza mengi. La mwisho. Nilijaribu kuandika kwenye OWL kwamba kila ishara lazima iwe na kizio, kisha nikaacha ishara moja bila kizio makusudi. Chombo cha kuhitimisha hakikulalamika kabisa. Nimekosea wapi?

---

KaskaziNaKusi #15

Hujakosea popote. OWL inaichukulia dunia kuwa wazi: kisichoandikwa hakijulikani, haimaanishi hakipo. Umeiambia kila ishara ina kizio, ikaona ishara isiyo na kizio, ikahitimisha kwamba kizio kipo mahali fulani ila hakijatajwa. Kimantiki iko sahihi, kikazi haikusaidii. Kwa ukaguzi tumia SHACL, W3C waliitoa mwaka 2017. Ile inakagua kilichoandikwa: hakuna kizio, inakataa.

Masharti ambayo mimi ningeanza nayo kwa shamba lolote ni haya: kila ishara iwe na kizio kimoja tu, iwe na urefu wa kipindi cha wastani, iseme muda ni wa mwanzo au wa mwisho wa kipindi, iwe na saa ya chanzo, na iwe na ufungaji wenye tarehe ya kuanzia, bila vipindi viwili vya ufungaji kugongana kwenye nafasi moja. Hilo la mwanzo au mwisho wa kipindi msilidharau. Mashamba mawili yakitofautiana hapo, ukiyaoanisha unakuwa umesogeza upepo kwa dakika 10, na utabiri wako wa muda mfupi unaharibika bila wewe kujua.

---

Mpendahesabu #16

Mkuu nikitaka kuanza kesho asubuhi nikiwa na Excel yangu tu, nianzie wapi? Siwezi kwenda kwa bosi nikamwambia tunajenga ontolojia.

---

KaskaziNaKusi #17

Usimwambie unajenga ontolojia. Mwambie unataka kupunguza ubishi wa ripoti ya mwezi.

Chukua orodha ya misimbo ya hitilafu ya mitambo yenu, ipange kwa iliyotokea mara nyingi zaidi mwaka uliopita. Misimbo michache ya juu kwa kawaida inabeba sehemu kubwa ya muda wa kusimama. Kaa na mafundi, siyo ofisini peke yako, muulizane kila msimbo unaangukia fungu gani la IEC 61400-26 na kwa masharti gani. Andikeni pia kipande kinachohusika kwa jina la nafasi yake. Excel inatosha kwa hatua hiyo. Baadaye jedwali hilo linageuzwa kuwa RDF kwa mistari michache ya Python, na unakuwa umeshapata sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, yaani makubaliano ya mafundi, ofisi na mnunuzi wa umeme juu ya kilichotokea.

Hatua ya pili ni daftari la vifaa vilivyobadilishwa. Rudi nyuma hadi mahali kumbukumbu zinapofika, hasa anemomita, vielekezi vya upepo, beringi na giaboksi. FundiJuuKimo na wenzake wanajua mengi ambayo hayajaandikwa popote, na wengine wanakaribia kustaafu.

Ishara na vihisi fanya mwisho, kwa aina ya mtambo siyo kwa mtambo mmoja mmoja. V52 za Ngong na za Turkana ni aina moja, kiolezo kimoja kinaweza kutumika pande zote mbili, ukibadilisha yanayohusu mahali. Uzito wa hewa kwa mfano: michoro ya kawaida ya nguvu imeandikwa kwa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, wakati kwenye kimo cha mita 2,000 hewa ina takriban kilo 1.0 tu. Hiyo nayo iandikwe kwenye grafu kama sifa ya mahali, ikiwa na kimo na namna ilivyokokotolewa.

---

FundiJuuKimo #18

Mpendahesabu ukifika hatua ya daftari la vifaa nitafute PM. Nina madaftari ya zamu ya miaka mingi, yameandikwa kwa mkono, tutayasoma pamoja.

---

KaskaziNaKusi #19

Safi sana. Mkianza wekeni hapa orodha ya misimbo mliyoiunganisha, bila jina la shamba, tuikague pamoja mmoja mmoja. Na mwenye uzoefu wa mitambo ya GE aongeze yake, maana hadi sasa humu tumeegemea Vestas na Senvion.